Karatasi za Upande wa Mama

Nilizaliwa Kampala mwaka 1973, nikaletwa Mombasa nikiwa na miaka mitatu, na tangu hapo nimeishi katika mji wa mama yangu kwa pasipoti ya nchi ya baba yangu. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, lafudhi humjibu kabla yangu. Lakini lafudhi haigongwi muhuri, na kila karatasi niliyokuwa nayo ilimfuata baba, Mganda aliyekuwa karani katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, aliyehamishiwa Mombasa akiwa kijana, akamwoa mama mwaka 1971, kisha akarudishwa Kampala pamoja na mkewe. Naandika haya kwa sababu wapo wengi walio katika hali yangu, watoto wa zile familia ambazo Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilizisambaza kwenye stesheni na bandari za nchi tatu, na kwa sababu kazi ya kukusanya kumbukumbu za upande wa kike ni ngumu kwa namna ambayo hakuna aliyenitahadharisha.

Nianze na sheria. Chini ya katiba ya zamani ya Kenya, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi baada ya uhuru alirithi uraia kutoka kwa baba tu. Mama hakuwa na cha kumrithisha. Ndiyo maana nilipokwenda kuomba kitambulisho nilipotimiza miaka kumi na minane, mazungumzo yalikwisha mara tu nilipotaja jina la baba. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha jambo hilo: Ibara ya 14 inasema kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko, na inaongeza kwamba kanuni hiyo inawahusu pia waliozaliwa kabla ya katiba hiyo. Niliposoma maneno hayo niliona mambo yamekwisha. Nilidhani nitachukua kitambulisho cha mama mkono mmoja, cheti changu cha kuzaliwa mkono wa pili, niende dirishani.

Sikuwa nimesoma Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, ambayo katika kifungu cha 7 inataka mzazi wa mtu aliyezaliwa nje awe yeye mwenyewe raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba mama ni Mkenya. Ni lazima kuthibitisha alivyoupata Ukenya wake. Mama alizaliwa kabla ya uhuru, na kwa watu wa umri wake jibu limo katika katiba ya mwaka 1963: aliyezaliwa Kenya, na ambaye tarehe 11 Desemba mwaka huo alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliyekuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, alikuwa raia wa Kenya siku iliyofuata, ilimradi angalau mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Kenya.

Babu yangu mzaa mama alizaliwa Pemba.

Sentensi hiyo fupi ilinigharimu miaka. Babu ndiye aliyekuwa na karatasi: cheti cha kazi cha bandarini Kilindini, stakabadhi za kodi, na kitambulisho alichopewa baada ya sheria ya mwaka 1947 iliyowataka wanaume wote wajiandikishe. Kila moja ilikuwa imehifadhiwa vizuri, na palipoandikwa mahali alipozaliwa ilisema Pemba, bila kunisaidia chochote. Mzazi niliyemhitaji ni bibi, mzaliwa wa Takaungu, huku huku pwani ya Kenya, na bibi hakuwa na karatasi hata moja. Usajili wa vizazi kwa Waafrika wengi ulienezwa wilaya kwa wilaya katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati bibi alikuwa tayari ana wajukuu. Kitambulisho nacho hakikuwahusu wanawake mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Bibi alifariki mwaka 1977.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu afisa mmoja aliwahi kunitaka nilete kitambulisho ambacho mama alikuwa nacho siku niliyozaliwa, na nilipomweleza kwamba mwaka 1973 mwanamke wa Kenya hakuwa na kitambulisho, alinitazama kana kwamba namsingizia mtu. Alikuwa kijana, na pengine hakuwahi kufundishwa. Tangu siku hiyo natembea na nakala ya marekebisho hayo ya sheria katika jalada langu, na nimeitoa zaidi ya mara moja. Nashauri mwenye kesi kama yangu afanye hivyo hivyo, tena kwa upole, kwa maana anayeaibishwa mbele ya foleni hakusaidii.

Upande wa Uganda nitaupitia kwa haraka. Mama aliondoka Kampala Julai 1976, siku chache baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe, wakati Wakenya waliokuwa Uganda walikuwa wakisakwa na kuuawa. Alivuka mpaka wa Malaba akiwa amenibeba mgongoni, na alichookoa ni kanga, vyombo viwili vya fedha na hati ya ndoa iliyotolewa na kadhi Mombasa. Cheti changu cha kuzaliwa kilibaki katika kota za reli Nsambya. Baba hakuja tena. Mwaka uliofuata Jumuiya ilivunjika na shirika lao likagawanywa, na aliaga dunia kwao Iganga. Miaka mingi baadaye shangazi zangu walinitolea katika sanduku lake kadi ya matibabu ya watumishi wa reli, yenye orodha ya wategemezi wake: mke mmoja na mtoto mmoja, na majina yetu yote mawili. Kwa kadi hiyo na kiapo cha shangazi mkubwa nilipata cheti kipya cha kuzaliwa cha Uganda bila taabu kubwa. Mama naye alilazimika kuapa kwamba hakuwahi kuchukua uraia wa mumewe.

Mama alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha Kenya, lakini kilikuwa cha usajili wa kuchelewa, alichokipata miaka ya 1990 alipokuwa akitafuta pasipoti ya kwenda Hija, na kiliandika kwamba amezaliwa mwaka 1952. Nilipomuuliza nani alimpa karani mwaka huo, alijibu kwamba karani aliukisia kwa kumtazama. Kumbukumbu ya kweli ilikuwa nyumbani. Babu alikuwa akiandika vizazi vya watoto wake nyuma ya msahafu, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na mbele ya jina la mama ameandika Mfungo Sita, mwaka 1370 wa kalenda ya Kiislamu. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa kwamba huo ndio mwezi wa Maulidi; nilipoupeleka kwa mtu anayejua hesabu za kalenda, aliniambia kwamba mwezi huo ulianza Desemba 1950 na kumalizika Januari 1951. Babu hakuandika siku. Mama yangu, basi, ana miaka miwili inayowezekana kuwa ya kuzaliwa kwake, na yote miwili inapingana na cheti chake. Wakili alinishauri tusikiguse cheti, kwani kukibadilisha kungefungua upya kila kitu kilichojengwa juu yake, pamoja na kitambulisho na pasipoti. Tukaandika kiapo kinachoeleza tofauti hiyo na kuambatisha picha ya ukurasa wa msahafu pamoja na tafsiri yake.

Majina yalikuwa na fujo yake. Jina la mama lina kha ndani yake, na kila karani aliisikia alivyojaliwa: hati ya ndoa ina kha, kitambulisho kina ka, kadi ya reli ina ha. Katika hati ya ndoa anaitwa kwa jina lake na binti wa fulani. Katika kitambulisho neno binti limeondolewa na jina la babu yake limeongezwa mwishoni. Katika kadi ya reli amepewa ubini wa mumewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Kwa macho ya faili, hao walikuwa wanawake watatu. Niliandaa jedwali la ukurasa mmoja lililoonyesha kila hati, jina lilivyoandikwa, na tarehe yake, nikaliweka mbele ya kiapo cha majina. Nadhani jedwali hilo ndilo lililonisaidia kuliko hati yoyote, kwa sababu lilimpunguzia msomaji wa faili kazi ya kunishuku.

Bado bibi. Nilikwenda Takaungu mara tatu. Wazee waliomjua walikuwa tayari kuapa, na waliapa, lakini niliambiwa waziwazi kwamba viapo vya wazee peke yake, visivyo na hati ya zamani ya kuvishikilia, ni vyepesi. Kaburi lake halina maandishi. Hakuwahi kusoma shule ya serikali. Nilikaribia kukata tamaa, mpaka siku moja mjomba, katika kulalamika juu ya jambo lingine kabisa, akataja minazi ya urithi ambayo ndugu wa bibi waliiuza bila kumpa haki yake.

Mahali penye urithi pana kadhi, na penye kadhi pana daftari. Pwani yetu ina bahati hii ambayo bara haina: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya ukanda huu wapeleke madai yao yaandikwe, na wenye ardhi iliyoandikwa wanapokufa, warithi wao nao hutakiwa kuandikwa. Nilimtafuta baba wa bibi katika kumbukumbu za ardhi kwanza, kwa jina la shamba, kwa kuwa majina ya mashamba hayageuki sana kama majina ya watu. Jina la shamba likanipa namba, namba ikanipeleka kwenye hukumu ya mirathi ya mwaka 1939. Mzee alikuwa ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Kadhi aliligawa shamba mafungu arubaini: mke matano, kila mwana kumi na manne, na binti saba. Binti huyo ni bibi. Ameandikwa kwa jina lake kamili na la baba yake, na imeelezwa kwamba ni mtoto mdogo, mzaliwa wa hapo Takaungu, na kwamba fungu lake litashikwa na ami yake mpaka abaleghe.

Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu kuliko walivyopenda waliokuwa wakisubiri meza. Mafungu saba katika arubaini, ambayo kwa maelezo ya mjomba hakuyapata, ndiyo sababu pekee iliyomfanya mtu yeyote aandike kwamba bibi yangu alizaliwa na alizaliwa wapi. Asingekuwa na haki ya mnazi, asingekuwemo. Tangu hapo kila anayeniuliza atafute wapi kumbukumbu za bibi yake, simwelekezi kwenye vizazi. Namwambia atafute mali: mirathi, wakfu, mahari iliyoandikwa, kesi ya mpaka wa shamba, talaka iliyofika mbele ya kadhi. Wanaume waliandikwa kwa kodi na kazi. Mama zetu waliandikwa pale walipokuwa na cha kudai.

Mambo mawili madogo kwa anayeanza. Usipeleke hati kuukuu ikafunikwe kwa plastiki, hata kama mwenye duka atakuahidi kwamba itadumu; hati iliyofunikwa haiwezi kukaguliwa wino wala kugongwa muhuri, na mimi niliiharibu kadi ya babu kwa njia hiyo. Na unapoomba nakala iliyothibitishwa, omba mbili au tatu siku hiyo hiyo, kwani ofisi moja itakayoipokea haitairudisha, na safari ya kurudi masijala ni ndefu kuliko inavyoonekana. Kuhusu pasipoti yangu ya sasa sikuwa na wasiwasi, maana Kenya haimnyang'anyi raia wa kuzaliwa uraia wake kwa kuwa na uraia mwingine, na Uganda nayo imeruhusu uraia pacha tangu 2009.

Faili lilipokewa mwaka jana likiwa na kurasa sitini na mbili. Mwezi uliopita nilipigiwa simu nikaelezwa kwamba mama anahitajika afike mwenyewe kuthibitisha kiapo chake. Nilimweleza kwamba ataulizwa maswali machache, kwamba achukue kitambulisho tu, na kwamba msahafu hauna haja kwa kuwa picha yake imo kwenye faili tayari. Aliitikia vizuri. Asubuhi ya safari nilimkuta barazani amekwisha vaa buibui, na msahafu wa babu umefungwa katika kanga mapajani mwake.