Tulipolala Mtera
Somo: Hesabu 9:15–23

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi moja ya Septemba tulitoka Dodoma alfajiri kwenda Iringa. Mjukuu wa dada yangu alikuwa anabatizwa kesho yake, na msimamizi wake ni mimi. Tuliomba nyumbani, tukaomba tena garini. Fufu tukapita, Chipogoro tukapita. Kufika Mtera, madereva wanaotoka upande wa pili wa bwawa wanatuwashia taa. Moto kichaa milima ya Nyang'oro, upepo umeushika, na moshi umelala barabarani hata pua ya gari huioni.

Mimi nikasema twende. Si tumeomba? Shemeji, aliyeshika usukani, akazima gari. Mama mmoja akatusogelea na beseni la perege wa kukaanga. "Mbukwenyi," akatusalimu, kisha akautazama ule moshi. "Baba, mnakimbilia wapi?" Nikamwambia ubatizo. Akacheka, akaelekeza kidevu bwawani: "Maji si haya hapa?"

Njia nyingine ilikuwepo, kurudi na kuzungukia Morogoro na Mikumi, zaidi ya kilomita 500. Tukalala Mtera.

Usiku nikafungua Hesabu 9. Tangu utotoni nimehubiriwa lile wingu la Bwana lililowaongoza Israeli jangwani: linainuka, watu wanang'oa hema, wanasonga. Mstari wa 22 sikuwahi kukaa nao: wingu likikawia siku mbili, au mwezi, au mwaka, Israeli hawasafiri. Mwaka mzima! Mbuzi wamemaliza malisho, watoto wanauliza kila asubuhi "leo je?", na hakuna aliyeambiwa sababu.

Sisemi moshi ule ulikuwa wingu la Bwana. Moto ule yamkini aliuwasha mtu, pengine mrina asali, pengine mfugaji anayetaka nyasi zichipue upya. Ila niligundua kwamba sala yangu ya asubuhi nilikuwa nimeshaijibu mwenyewe. Nilimletea Mungu ratiba aipigie muhuri.

Na nisifiche linalonisumbua: basi moja lilipita jioni ile, nikasikia lilifika salama. Kwa hiyo sina ule ushuhuda tunaoupenda kanisani, wa "tungepita tungekufa." Labda tungefika. Mtoto alibatizwa bila mimi, shangazi yake akasimama mahali pangu. Picha zilinikuta baada ya ibada kwenye benchi la kanisa dogo la pale, shati likinuka moshi. Mama wa samaki alikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili.

Jumatatu tukapita Nyang'oro. Milima myeusi, visiki bado vinafuka. Kandokando ya lami kanga walikuwa wanachakura majivu, wakaanza kuvuka mmoja mmoja, bila haraka. Shemeji akasimama kuwapisha. Safari hii sikumhimiza.