Begi moja, chaja moja na jioni zangu: nilivyopanga kusafiri na kazi ya seva

Mimi kazi yangu ni seva, yaani naangalia kompyuta zinazoendesha mifumo ya watu zisizime na zikizima naziamsha, pembeni naandika programu ndogondogo za kurahisisha hiyohiyo kazi. Ni kazi unayoweza kuifanya popote penye intaneti na hapo ndo shida inapoanzia, manake popote unapokwenda nayo inakuja, mtu akiona picha yako uko ufukweni anasema huyu jamaa anakula raha tu, hajui kwamba kwenye begi kuna laptopu imewashwa na simu haitoki mkononi. Safari zangu nyingi ni za kwenda kwa wateja, chache ni zangu mwenyewe, na kwa muda mrefu zote zilikuwa zinafanana, kazi haiendi vizuri na kupumzika sijapumzika. Sasa hivi mambo yamekaa sawa na wenzangu wananiuliza sana nimefanyaje, hasa wale wanaodhani siri ni kununua kifaa fulani. Vifaa vina sehemu yake lakini kilichonirudishia jioni zangu ni kupanga saa, nitafika huko.

Nianze na begi kwasababu ndo rahisi. Nilijiwekea sheria moja, kitu chochote kinachotaka chaja yake ya peke yake hakisafiri. Simu, laptopu, hedifoni, kamera, kifaa cha kusomea vitabu, vyote lazima viwe na tundu la kuchajia la USB-C. Zamani hii ilikuwa ndoto lakini iPhone 15 ilipotoka 2023 ikiwa na tundu hilo, alafu Umoja wa Ulaya nao ukalazimisha simu, tableti na kamera mpya zinazouzwa kwao ziwe nalo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, basi imekuwa kazi rahisi kuipata sehemu yoyote. Chaja yangu ni moja ya wati 100, zile za GaN, yaani zenye chipu za galiamu naitraidi, ambazo ni ndogo kuliko matofali ya laptopu tuliyoyazoea, ina matundu kadhaa. Ila angalia hapa, hizo wati 100 ni za chaja nzima, ukichomeka simu pembeni laptopu inapunguziwa sehemu yake, kwahiyo usiku nachomeka vyote na nikiwa na haraka nachomeka laptopu peke yake.

Kebo ndo zinawachanganya watu kuliko chaja. Kebo mbili za USB-C zinafanana kabisa kwa macho lakini moja inapitisha wati 60 na nyingine wati 100 au zaidi, manake ile kubwa lazima iwe na kachipu ndani kanachoiambia chaja kwamba mimi naweza kubeba ampea 5. Na kasi nayo ni habari nyingine, kuna kebo inachaji vizuri sana lakini kuhamisha mafaili ni megabiti 480 kwa sekunde tu, kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000, ukiiunganisha na diski ya nje utakaa hapo mpaka uchoke. Mimi nimezifunga utepe wa rangi, nyekundu ni ya umeme mwingi, bluu ni ya data, zisizo na rangi zinabaki nyumbani.

Kuhusu plagi sina mengi. Aina zake duniani zimepewa herufi A mpaka O, nabeba adapta moja ya kuunganika na aina kadhaa yatosha. Ujue tu adapta inabadilisha umbo la plagi, umeme wenyewe haibadilishi. Chaja za laptopu na simu karibu zote zimeandikwa 100-240V, 50/60Hz kwa maandishi madogo, hizo hazina neno popote, lakini mashine ya kukaushia nywele iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiichomeka kwenye 230 utaita watu.

Pawabenki nayo ina hesabu yake na ni vizuri uijue kabla ya kufika uwanja wa ndege. Wao hawaangalii mAh, ile namba kubwa ya miliampea-saa iliyoandikwa juu yake, wanaangalia wati-saa, yaani jumla ya nishati iliyomo, na kikomo cha kawaida ni 100, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege, zaidi ya hapo haipandi na abiria. Hesabu yenyewe ni mAh mara volti 3.7 gawanya kwa 1000, kwahiyo ya 20,000 ni wati-saa 74, salama kabisa, na ya 27,000 inagusa pale pale kwenye mpaka. Mimi nimebaki na ya 20,000. Na inakaa kwenye begi la mkononi siku zote, usiiweke kwenye mzigo wa chini, betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya ndege wahudumu wanaweza kuishughulikia ikiwa karibu yao, kule chini nani ataiona. Hakikisha pia maandishi yake hayajafutika manake mkaguzi akishindwa kusoma uwezo wake anaweza kuichukua, alafu soma masharti ya shirika unalosafiri nalo kwasababu mengine hayataki hata uitumie angani. Halafu wale wanaolalamika kwamba pawabenki ya 20,000 haijazi simu ya 5,000 mara nne, hakuna aliyewaibia, umeme unapandishwa kutoka volti 3.7 za betri kuwa 5 na kushushwa tena ndani ya simu, na kila hatua sehemu yake inapotea njiani kama joto.

Basi hayo ni ya begi, wikiendi moja ukikaa nayo umemaliza. Saa ndo zilinichukua muda.

Tatizo la kazi yetu ukisafiri sio kwamba kazi ni nyingi, tatizo haina mwanzo wala mwisho. Timu iko kwenye masaa yao, wewe uko kwenye masaa mengine, wao wakiamka wewe unataka kutoka, kwahiyo unatoka na simu, unajibu meseji ukitembea, unasimama kwenye kona ya barabara unamwelekeza mtu afungue faili gani, na ukirudi chumbani unafungua laptopu umalizie. Siku nzima umefanya kazi labda masaa manne ya maana lakini yametapakaa kama mchele uliomwagika. Nikaona dawa ni kuyakusanya. Nikamfuata mkuu wangu kabla ya safari na pendekezo lililoandikwa, masaa matatu ya pamoja kila siku ambayo tumechagua kwa kuangalia saa za pande zote mbili, hapo nipo mia kwa mia, mitingi zote ziingie humo, na masaa mengine ya kazi nafanya peke yangu bila kusubiriwa. Akauliza, "Na nikikuandikia meseji nje ya hapo?" Nikamwambia, "Mkuu utajibiwa kwenye masaa yetu yanayofuata, ila kama kuna moto nipigie." Akasema tujaribu. Alichokuja kukipenda yeye mwenyewe ni kwamba watu walianza kuandika maswali yao yakiwa kamili, manake ukijua jibu linakuja kesho hutumi "mambo vipi upo?" alafu ukanyamaza, unaeleza shida yote na unaambatanisha logi, yaani kumbukumbu za mashine.

Zamu za dharura tukazitoa kabisa kwenye safari, nabadilishana na mwenzangu, nikirudi namlipa. Hii usione aibu kuomba. Mtu aliye juu ya mawingu hawezi kuwa wa kwanza kupigiwa seva ikilala, hilo ni suala la kazi kufanyika vizuri, haina uhusiano na uvivu.

Na kuna jambo la saa zenyewe ambalo limewahi kuvuruga timu nyingi. Kila kitu cha mashine kiandikwe kwa UTC, ile saa moja ya dunia isiyosogezwa, kazi za usiku za seva, logi, muda wa bakapu, hata mitingi mimi naiweka kwenye kalenda kwa eneo halisi na sio kwa kuhesabu vidole. Kwanini? Kwasababu tofauti ya saa haikai vilevile mwaka mzima. Ulaya wanasogeza saa mbele lisaa limoja Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwahiyo kuna wiki kadhaa katikati ambapo tofauti uliyoikariri kichwani imekosea lisaa zima. Alafu kuna nchi kama India wao ni saa tano na nusu mbele ya UTC, Nepal tano na dakika 45, hapo hesabu ya vidole inakufia mkononi.

Mwili nao una saa yake na hausomi kalenda. Kwa makadirio unasogea kama lisaa limoja kwa siku, na kwenda mashariki kunauma kuliko kwenda magharibi kwasababu saa ya ndani ya binadamu wengi inazidi masaa 24 kidogo, kwahiyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Mimi siku za mwanzo nikifika mbali sigusi kitu kikubwa kwenye seva, hakuna kupandisha toleo jipya wala kufuta chochote, nafanya kazi za kusoma na kuandika maelezo. Nikiwa nimeenda mashariki masaa machache nautafuta mwanga wa asubuhi, natembea nje, hiyo imenisaidia kuliko kahawa.

Sasa ili hayo masaa ya peke yangu yafanye kazi ilibidi laptopu iweze kuishi bila intaneti. Usiku wa kabla ya safari navuta kila kitu ninachohitaji, miradi, nyaraka za lugha ninazotumia, tiketi nilizopewa, yaani kazi zilizosajiliwa kwa jina langu, alafu nazima Wi-Fi pale pale nyumbani nione kama kweli naweza kufanya kazi. Git, programu inayotunza historia ya kodi unayoandika, inakuruhusu kuhifadhi mabadiliko yako yote oflaini ukayasukuma kwenye seva baadaye ukipata mtandao, kwahiyo ndege ndefu kwangu imekuwa sehemu nzuri kabisa ya kuandika programu, hakuna anayekupigia. Nikiwa kwenye seva za mbali kila kitu nakifungulia ndani ya tmux, programu inayoweka kazi hai kwenye seva hata ukikatika, intaneti ya hoteli ikikatika kazi inaendelea kule kule kwenye seva na nikirudi naikuta nilipoiacha. Apdeti nazizuia mpaka nifike. Na namba za kuthibitisha akaunti nimezitoa kwenye SMS nikaziweka kwenye apu ya simu, manake apu hiyo haihitaji mtandao inahitaji saa sahihi tu, inatengeneza namba mpya kila sekunde 30, hata laini yangu ikiwa haishiki huko niliko naingia. Namba za akiba za kuingilia akaunti simu ikipotea nimeziandika kwenye karatasi inayokaa mbali na laptopu.

Mapumziko yenyewe sasa. Simu yangu ina wasifu wa kazi, ile Android inayotenganisha apu za kazi na zako, masaa ya kazi yakiisha nauzima na apu zote za kazi zinalala kwa mpigo, hazitoi sauti wala kale ka-doti kekundu. Wenye iPhone wanaweza kupanga hali za Focus zikafanya kazi ya kukaribia hiyo. Namba inayopita ni ya mwenzangu wa zamu peke yake. Laptopu inabaki chumbani imezimwa kabisa, sio kulazwa, diski yake imefungwa kwa nywila, natoka na kamera ndogo na kile kifaa cha kusomea vitabu cha wino wa elektroniki ambacho chaji yake inakaa wiki na juani unasoma bila shida. Watu huniuliza kwanini nisisomee kwenye simu, naweza, lakini nikishika simu kurasa mbili tu tayari niko kwingine. Droni niliuza. Ilikuwa nzuri lakini kila nchi ina sheria zake za vibali na ikanigeuza fundi wa betri wakati wenzangu wanaogelea.

Hedifoni za kuzuia kelele nazo zinasifiwa kupita kiasi, zinapunguza vizuri ule mvumo mzito wa injini, ila sauti za watu na mtoto anayelia zinapita, kwahiyo ukinunua ukitegemea ukimya mtupu utasikitika. Kwangu zinatosha.

Kinachonisumbua mpaka leo ni skrini ya pili. Nimejaribu zile nyembamba za kubebeka, zinakula umeme wa laptopu na zinaongeza uzito, nimejaribu tableti kama skrini ya ziada, inachelewa kidogo ukisogeza kitu na macho yanachoka. Shingo inauma nikikaa wiki mbili na laptopu peke yake kwenye meza ya hoteli. Kwa sasa nainyanyua laptopu juu ya stendi ya kukunja na kutumia kibodi ya pembeni, yenye tundu la USB-C bila shaka, na mwenye suluhisho linaloingia kwenye begi lile lile bila chaja ya pili aniambie.