Mita Kwanza, Bodi Baadaye

Jumapili jioni, Sinza

Kila chombo cha kazi yangu nakipima kwa swali moja: kikigoma, kitanisaidia kujua kwa nini kimegoma? Bei naiangalia baada ya hapo, na umaarufu wake haunihusu sana. Ndiyo maana kijana akija kuniuliza, "Dada, nina hela kidogo, ninunue bodi gani ya kuanzia roboti?", namjibu anunue mita ya kupimia umeme kwanza, na bodi, yaani kadi ya saketi ya kuendeshea roboti, baadaye. Wengi wanadhani nawakwepa. Leo nina nafasi ya kuandika kwa utulivu, nieleze ninachomaanisha.

Anayeishi Shenzhen, bodi ikiungua asubuhi, mchana anayo nyingine. Sisi Dar, kama kitu hakipo Kariakoo unaagiza nje na kusubiri wiki kadhaa, na unalipia usafiri unaoweza kuzidi bei ya kitu chenyewe. Ukiipokea bodi mpya bila kujua ya kwanza iliuawa na nini, unaipeleka kwenye kifo kile kile. Kujua chanzo cha tatizo ni sehemu ya bajeti.

Tuchukue ile bodi nyekundu ya kuendeshea mota, L298N, inayokuja karibu kwenye kila boksi la roboti ya kujifunzia. Imejengwa kwa transista za aina ya zamani, na jedwali lake la kiufundi halifichi kitu: mota ikivuta ampea 1, kati ya volti 1.8 na 3.2 zinaishia ndani ya IC yenyewe, yaani kile kidude cheusi cha saketi kilicho juu ya bodi. Ikivuta ampea 2, hasara inaweza kufika volti 4.9. Sasa piga hesabu. Seli mbili za 18650 (zile betri za lithiamu za duara, za kuchaji) zikiungwa mfululizo zinakupa volti 7.4. Zile mota za njano za plastiki zinapata kinachobaki, na kilichopotea kinakuwa joto kwenye bamba la alumini mgongoni mwa IC. Mwanafunzi anaona roboti inasuasua, anailaumu betri, ananunua nyingine, na bado inasuasua. TB6612FNG, bodi nyingine ya kuendeshea mota, inatumia transista za kisasa za MOSFET, inapoteza volti kidogo sana, na inabeba ampea 1.2 kwa kila chaneli bila kulalamika. Kwa roboti ndogo inatosha kabisa. Natamani wauzaji wa maboksi wabadilishe, maana wanafunzi wanapoteza miezi wakipambana na kosa ambalo si lao.

Wiki hii mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniletea roboti yake yenye ESP32, bodi inayobeba msimbo na kuiamuru roboti. Kila magurudumu yakianza kuzunguka, bodi inazima na kuwaka upya. Alikuwa ameshaandika upya msimbo wote, akiamini kosa liko humo. Tukachomeka kwenye kompyuta mpakato waya wa USB uliokatwa uzi wa umeme, ili ESP32 ibaki kwenye betri, tukafungua dirisha la siriali linaloonyesha maandishi ya bodi, na kabla ya kila kuwaka upya ESP32 ilikuwa inaandika mstari mmoja kusema kwamba volti imeshuka chini ya kiwango. Hapo ndipo ninapoipendea bodi hii. Imetoka 2016, ina viini viwili vya megahezi 240, Wi-Fi na Bluetooth, lakini kwangu sifa yake kubwa ni kwamba inakutajia sababu ya kuanguka. Arduino Uno, ile bodi maarufu ya kujifunzia, ikikumbwa na jambo hilo hilo inaanza upya kimya kimya, nawe unabaki kubahatisha.

Basi nikaweka ncha za mita kwenye pini ya volti 5 na negativu, nikamwambia ashike gurudumu kwa mkono. Mita ya kawaida inasoma polepole kidogo, mshtuko usiofika sekunde moja inaweza kuukosa. Ukiikaba mota, mzigo unadumu na namba zinasomeka. Mota ikakabwa, volti 5 ikateremka hadi chini ya 4. Tukahamisha ncha kwenye betri: ilikuwa imezama chini ya 6. Hapo mnyororo wote ukaonekana. Alikuwa anachukua umeme wa ESP32 kutoka kwenye kipunguza volti kilicho juu ya L298N, ambacho kinahitaji kuingiziwa volti 7 hivi ili kitoe 5 kamili. Betri ikizama, nacho kinazama. Juu ya ESP32 kuna kipunguza kingine kinachohitaji zaidi ya volti 4 ili kitoe 3.3. Na watengenezaji wa ESP32 wanashauri chanzo chenye uwezo wa angalau miliampea 500, kwa sababu Wi-Fi ikirusha inavuta mkupuo. Msimbo wake haukuwa na kosa lolote.

Akaniuliza, "Sasa dada, kwa nini betri izame hivyo na nimezijaza usiku kucha?" Nikazichomoa seli nikaziweka kwenye mzani mdogo, ule wa kupimia vito. Lebo ilisema mAh 9,900, hicho ndicho kipimo cha chaji inayobebwa na seli. Seli nzuri ya 18650 ina mAh 3,500 hivi na uzito wa karibu gramu 45. Hizi zilikuwa nyepesi mno. Huo mzani huwa natembea nao dukani. Muuzaji akiniambia "hii orijino dada yangu", namwomba kwa heshima niipime, na wengi hawakatai. Wapo wauzaji waaminifu ambao sasa wanapima wenyewe kabla ya kununua mzigo, na hao ndio ninaowapelekea wateja. Kwa yule kijana tulimaliza kwa kuiweka ESP32 kwenye power bank yake, mota zikabaki na betri, negativu zikaungwa pamoja. Roboti ikatembea mpaka mlangoni na kurudi.

Nisieleweke kwamba naidharau Arduino. Ilianzia Ivrea, Italia, 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu ambao hawakuwa wahandisi, na kwa kazi hiyo bado sijaona mbadala. Kumbukumbu ya kilobaiti 2 ya Uno ile ya kawaida (R3) inamlazimisha mwanafunzi kufikiri. Inavumilia waya uliochomekwa kombo kuliko bodi nyingi za volti 3.3. Sensa ya HC-SR04, inayopima umbali kwa sauti, unaiunga moja kwa moja, wakati kwenye ESP32 lazima uweke rezista mbili kugawa ile volti 5 inayorudi, na ukizisahau pini inaweza kuumia polepole bila kukuambia. Kwa mtoto wa sekondari nampa Uno. Akishaanza kuuliza maswali ambayo Uno haiwezi kuyajibu, nampa ESP32, au Raspberry Pi Pico ambayo ilipotoka 2021 ilikuwa dola 4 na nyaraka zake zimeandikwa kwa adabu kubwa kwa msomaji.

Upande wa programu swali langu ni lile lile. Mwaka 2024 vifurushi vya kuiandikia ESP32 msimbo kwa Arduino viliingia toleo la 3.0, na amri mbili za kuendesha PWM (kuwasha na kuzima pini haraka haraka ili kudhibiti kasi ya mota) zilizokuwa zikifundishwa kila mahali, ledcSetup na ledcAttachPin, ziliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na ledcAttach. Mafunzo mengi ya zamani yakawa hayajengeki tena. Anayeanza anaona mistari myekundu na kudhani yeye ndiye asiyejua. Ndiyo maana miradi yangu yote iko PlatformIO, programu ya kuandikia na kujengea msimbo wa bodi: toleo la kila maktaba linaandikwa kwenye faili moja, na mradi wa mwaka juzi ukiufungua leo unajengeka kama ulivyokuwa. Na kila faili iko ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko. Watu wanaifikiria Git kama kitu cha kutunza kazi kwenye mtandao, lakini mimi naipenda kwa sababu inafanya kazi nzima ndani ya kompyuta yangu, hata laini ya intaneti ikiwa imekatika, na inaniambia ni mstari gani uliobadilika kati ya siku roboti ilipotembea na siku ilipokataa.

Hilo la laini kukatika silisemi kwa nadharia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na ya majirani ikadhoofika vibaya. Nilikuwa na mchoro wa mkono wa roboti ndani ya programu moja ya kuchorea inayotaka uingie kwa akaunti mtandaoni, na mafundi wa Gerezani walikuwa wanasubiri vipimo wakate bamba. Mchoro ulikuwa wangu, vipimo vilikuwa vyangu, na sikuweza kuvifikia. Kuanzia hapo michoro yangu ya saketi iko KiCad na ya vyuma iko FreeCAD, zote huria, zote zikiwa kwenye diski yangu. FreeCAD ilikuwa na tabia ya kuchanganya majina ya nyuso za umbo ukirekebisha hatua ya mwanzo, mchoro mzima unavunjika. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 limepunguza sana tatizo hilo. Bado ina pembe zinazochoma. Lakini faili linafunguka.

ROS, mkusanyiko wa programu huria za kuendeshea roboti, ndiyo ninayobishana nayo na kuitetea kwa wakati mmoja. Ni nzito. Kuipakua kamili kunamaliza kifurushi cha data, kila toleo limefungwa kwenye toleo lake la mfumo endeshi wa Ubuntu (Humble na 22.04, Jazzy na 24.04), na kujenga vifurushi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye RAM ndogo kunaweza kuigandisha. Anayejifunza ROS ya kwanza kwa video za zamani namsihi aache: toleo lake la mwisho, Noetic, lilifikia ukomo Mei 2025. Kwa ROS 2, Humble itahudumiwa hadi Mei 2027, Jazzy hadi Mei 2029. Na ina mambo yanayomshtua mgeni. Tukiwa chumba kimoja na ruta moja, dada mmoja alibonyeza kitufe cha mbele na roboti ya mwenzake ikaondoka mezani. Kwenye ROS 2 kila mmoja anaanzia kwenye kikoa namba 0, kama redio zilizo chaneli moja, hivyo roboti zote za mle ndani zilikuwa zinasikia amri za kila mtu. Dawa yake ni mstari mmoja, kumpa kila mmoja ROS_DOMAIN_ID yake, lakini nadhani ilistahili kuandikwa ukurasa wa kwanza kabisa.

Ninachoitetea ROS ni uwezo wa kurekodi kila kitu. Kazini tuna kigari kinachojiendesha cha kubebea maboksi ghalani, na kila alasiri kilikuwa kinasimama katikati ya njia, mbele yake hamna kitu. Ukienda asubuhi kukichunguza, kinatembea vizuri. Tukawasha rosbag, kinasa cha ROS, tukakiacha kirekodi kila sensa mchana kutwa, jioni nikabeba rekodi nyumbani. Nikaichezesha mara kwa mara ndani ya RViz, programu inayochora kile sensa zinachoona, nikiangalia nukta za lida, ile sensa inayopima umbali kwa mwanga. Ilipokaribia saa kumi na moja, upande mmoja wa ghala ulianza kuonyesha nukta zinazoruka ruka hewani, zikazidi, kisha kigari kikasimama. Ulikuwa upande wa mlango mkubwa unaotazama magharibi. Jua lilikuwa linaingia chini chini na kuipofusha lida, ambayo nayo inatumia mwanga wa infraredi. Tukahamisha njia na kuweka pazia. Bila rekodi ile tungebadilisha lida, tungebadilisha kompyuta, pengine tungelifukuza wazo lenyewe.

Kuhusu hizi programu za akili bandia zinazoandika msimbo, ninazitumia, na kwa kazi ya kuandika faili za mipangilio zinaniokolea muda. Lakini zimeshanipa msimbo safi unaotaka pini ya 34 ya ESP32 iendeshe mota. Pini za 34 hadi 39 zinapokea tu, hazitoi. Msimbo unajengeka, unapakiwa, na mota haigeuki. Anayejua kuweka mita kwenye pini anagundua ndani ya dakika moja.

Jumamosi ijayo tunaanza na kundi jipya la wanafunzi pale Kijitonyama. Nimeomba siku ya kwanza kusiwe na roboti mezani. Kila wawili watapewa mita, seli mbili za 18650 zilizovuliwa lebo, moja nzuri na moja ya bandia, na rezista nene ya ohmu 10, wati 5. Waunge, wapime volti kabla na baada ya mzigo, waniambie ipi ni ipi na wamejuaje. Seli nimeshapata, rezista nimeshapata. Mita hazijatosha. Kama unayo iliyokaa kabatini, hata yenye skrini iliyofifia, niandikie, nitatuma bodaboda aifuate.