Taarifa Niliyokataa Kutia Sahihi

Mwaka 2014 nilikuwa na kibanda cha kushona nguo Kariobangi, Nairobi. Jioni moja walikuja vijana wawili. Mmoja aliniuliza bei ya kupunguza suruali, mwenzake akabeba simu yangu iliyokuwa kando ya cherehani na kutokomea. Majirani walimkamata yule wa suruali. Hakuwa amenigusa wala kunitisha. Nashukuru polisi walifika kabla watu hawajaanza kuokota mawe.

Kituoni nilieleza kwa Kiswahili: "Afande, nimeibiwa simu." Aliandika kwa Kiingereza, akanisogezea karatasi nitie sahihi. Mstari wa kwanza ulisema: "I was robbed by two men."

"Afande, hapa andika 'stole'."

"Mama, si ni kitu kimoja?"

Hata kidogo! Marehemu mjomba wangu alikuwa karani wa mahakama, na mambo haya tulikua tukiyasikia kwake. "Steal" ni kuchukua mali ya mtu. "Rob" ni kuichukua kwa nguvu au vitisho, ule ambao magazeti yetu huuita wizi wa mabavu. Naelewa afande alivyoteleza. Sisi husema "nimeibiwa", mtu akatangulia. Kwa Kiingereza kinachoibwa ni simu. Ukisema "I was stolen", umesema ni wewe uliyebebwa. Ndiyo maana wengi hukimbilia "I was robbed", neno linalompokea mtu bila taabu.

Lakini tazama linakompeleka mshtakiwa. Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 3 jela kwa wizi wa kawaida. Kifungu cha 296 kinasema wizi wa mabavu ukitendwa na zaidi ya mtu mmoja, hukumu ni kifo. Na karatasi yangu ilisema wanaume wawili! Kweli, Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini waliohukumiwa hivyo huozea gerezani. Nilitaka simu yangu na nilitaka kijana yule ajibu kosa lake, lile alilotenda.

Nilimwambia afande sitii sahihi. Alinikazia macho, foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika, mwishowe akachukua karatasi nyingine. Niliisoma mstari kwa mstari.

Mahakamani Makadara, shtaka lililosomwa lilikuwa la wizi.