Kava la ufunguo wa gari limeisha? Usikubali laki mbili na nusu

Kama kuna mtu amekwambia kwamba kava la ufunguo wa gari likipasuka basi ufunguo mzima umekufa, mwambie akae kwanza. Mimi nimeambiwa hivyo na mafundi, na majirani, na hata kaka mmoja wa pale kazini ambaye gari hana na hajawahi kuwa nalo. Ufunguo wa Rav4 yangu, hii ya kizazi cha pili ambayo mjini wanaiita Kilitaimu, ulikuwa umechoka kwa nje tu. Mpira wa vitufe umetoboka, nabonyeza kwa ukucha. Tundu la kupitishia pete limekatika. Nusu mbili za kava zimeshikwa na rababendi niliyoitoa kwenye noti. Lakini ukibonyeza, milango inaitika bila kinyongo. Sasa kitu kinachofanya kazi unakitupa kwa sababu ya nguo yake?

Fundi umeme wa kwanza niliyemwonyesha aliugeuza geuza, akatikisa kichwa. "Mama, hii ukiifungua tu, kodi zote, zile namba za siri za gari, zinafutika. Inatakiwa nyingine, tuiprogramu kwa kompyuta. Laki mbili na nusu, hapo nimekufanyia wewe dada yangu." Kwa pumzi moja nimekuwa mama yake na dada yake, nikajua hapa bei bado haijaisha kupanda. Nikamwambia nakwenda kumuuliza baba watoto. Ni uongo unaofanya kazi vizuri sana kwa mafundi.

Hakuna kodi inayofutika kwa kufungua kava. Rimoti inahifadhi kodi zake kwenye kumbukumbu isiyotegemea betri. Unaweza kuitoa betri ukaenda zako Tanga, ukirudi ukairudisha itafungua milango kama kawaida. Na lile suala la kuwasha injini halihusiani na rimoti kabisa, ni kitu kingine kimejificha humo humo ndani. Nitalifikia.

Kabla ya hapo lakini lazima nisimulie ya shemeji yangu, maana amestahili. Alikuja Jumapili, akala, akashiba, akauona ufunguo wangu na rababendi yake mezani. "Shemeji, kitu kidogo hiki!" Akamtuma mtoto dukani akalete supaglu. Nilikuwa jikoni, nilipotoka alikuwa ameshamimina kuzunguka kava lote na anapulizia kama anapoza uji. Alifurahi sana, maana lilishika kweli. Tatizo ni kwamba supaglu ni maji, inakwenda inakotaka, na ilitaka kwenda chini ya mpira wa vitufe. Kitufe cha kufunga kikaganda kikiwa kimebonyea. Tukasikia gari huko nje limejifunga, ka! Tukabonyeza cha kufungulia: kimya. Rimoti ilikuwa imeshikilia amri moja inaituma mfululizo, haina nafasi ya kusikiliza nyingine, na betri ikaisha siku hiyo hiyo. Kava lenyewe likatoka ukungu mweupe kila palipoguswa na mvuke wa gundi. Shemeji hakukata tamaa. Akaomba dawa yangu ya kutolea rangi ya kucha ili "ayeyushe gundi kidogo". Nilimnyang'anya chupa. Asetoni inayeyusha gundi, sawa, ila inayeyusha na plastiki ya kava, na ikifika kwenye saketi hujui itaacha nini.

Basi, Kariakoo, hapa Dar es Salaam. Maduka ya vifaa vya magari upande wa Gerezani na Shaurimoyo yana makava matupu yamening'inizwa kama hereni, ya Toyota ndiyo mengi kuliko yote. Bei inategemea sura yako na saa uliyokwenda. Mimi nilitoa elfu kumi na kitu baada ya kuambiwa ishirini na tano. Chukua ufunguo wako mkononi, usiende na picha kwenye simu. Idadi ya vitufe haitoshi kuchagulia. Kuna makava yanayofanana kichwa kabisa lakini ulimi wa chuma, ule unaoingia kwenye tundu, una mfereji tofauti: huu umeandikwa TOY43, ule TOY47, na ukikosea hautaingia hata mlangoni. Muuzaji akikwambia "zote za Toyota zinaingiliana", tabasamu, kisha weka ulimi wako juu ya wake, ulinganishe mifereji mwenyewe.

Kava jipya linakuja na ulimi usiochongwa, kwa hiyo unahamia kwa mchonga funguo. Hapa nina jambo la kujivunia. Ile mashine ya kuchongea haina akili. Kidole chake kinapita juu ya ufunguo wa zamani, na kisu kinafuata kila bonde kwenye ufunguo mpya. Maana yake ukimpa ufunguo uliolika kwa miaka, anakuchongea uliolika vilevile, tena na kasoro ya mashine juu yake. Mimi nilikwenda na ule wa akiba, usio na vitufe, uliokuja na gari na ambao tangu tuitoe bandarini umelala kwenye droo ya sufuria. Mabonde yake bado ni makali. Mchonga funguo aliniangalia akasema, "Leo nimekutana na mjuzi." Elfu tano, sikumpunguzia hata senti.

Niliporudi Tabata, nilijaribu kwanza mlangoni, ukageuka laini. Nikaingia, nikauchomeka kwenye swichi, nikazungusha. Stata inazunguka, injini haishiki. Taa nyekundu kwenye dashibodi inamwekamweka tu. Jirani yangu wa geti la pili, ambaye hapitwi na jambo, alikuwa ameshafika dirishani: "Si unaona? Lazima programu."

Nilikuwa nimelingoja hilo. Nikauacha ufunguo mpya umo ndani ya swichi. Nikachukua kava kuukuu, hilo hilo lenye ukungu wa shemeji, kwa mkono wa kushoto, nikaliegemeza kwenye kingo ya swichi, kichwa kwa kichwa na ule mpya. Kwa mkono wa kulia nikazungusha. Gari likawaka. Nikazima. Nikaliweka kava kuukuu kwenye kiti cha nyuma, nikazungusha: haliwaki. Nikalirudisha: linawaka. Nilifanya hivyo zaidi ya ilivyohitajika, nakiri, kwa sababu ya uso wa jirani tu.

Siri yenyewe ni chipu ya imobilaiza, kinga ya gari dhidi ya wizi. Haina betri wala waya. Kuzunguka tundu la swichi kuna pete yenye koili. Ukizungusha ufunguo, koili inaipa chipu nguvu kidogo kwa mawimbi, chipu inajibu kwa namba yake, kompyuta ya gari ikiitambua inaruhusu injini. Umbali wake ni sentimita chache, ndiyo maana kwenye kiti cha nyuma haisikiki. Kwa hiyo huhitaji kuprogramu kitu chochote. Unahitaji kuhamisha chipu ile ile. Watu wengi wanaofanya kazi hii wenyewe wanahamisha rimoti, wanatupa kava la zamani, kisha wanashangaa gari haliwaki. Chipu imekwenda na taka.

Kwangu ilikuwa kipande cheusi kisichozidi sana punje ya hindi, kimechomekwa kwenye kijishimo karibu na mzizi wa ulimi na kuzibwa kwa gundi ya kiwandani. Usiichokonoe kwa bisibisi bapa, inapasuka, na hapo ndipo fundi wa laki mbili na nusu anakuwa na haki. Nilitumia draya ya nywele, moto wa kati, nikapitisha mbali mbali hadi plastiki ikawa vuguvugu, kisha nikakata kingo za kijishimo kwa wembe pole pole, nikitoa plastiki na kuiacha chipu. Ilipolegea niliikung'utia juu ya taulo jeupe. Taulo ni muhimu kuliko draya. Kitu cheusi kikidondoka kwenye zulia la rangi, utakitafuta na ukoo mzima.

Kwenye kava jipya kijishimo kilikuwa kipana kidogo, chipu inacheza. Nikaibana kwa kipande cha solotepu, si gundi. Siku nyingine itahitaji kutoka tena.

Saketi ya rimoti ilihamia bila matatizo. Nilifuta mguso wa betri kwa spiriti, nikaweka betri mpya ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani, alama ya kujumlisha ikitazama upande ule ule, nikakaza kiskurubu. Vumbi lililokuwa humo ndani lilikuwa na harufu ya sabuni, sijui kwa nini.

Mtu mwingine atakushauri uipime rimoti kwa kamera ya simu uone kama inatoa mwanga. Hiyo ni ya televisheni. Ya gari inatumia mawimbi ya redio, utatazama kamera hadi asubuhi. Na kama kitufe kilikuwa kigumu au kinashika mara moja moja hata kabla mpira haujatoboka, kava jipya halitakusaidia. Huenda swichi ndogo iliyochomelewa kwenye saketi imelegea. Hiyo mpelekee fundi simu mwenye mkono mwepesi, anaichomelea tena kwa hela ya soda mbili tatu.

Kava kuukuu nimelibakiza. Halina chipu tena, haliwezi kuwasha gari, lakini ulimi wake bado unafungua mlango. Nimempa mama wa duka la jirani alitunze, kwa siku nitakayofungia ufunguo ndani. Shemeji naye ameleta wa Nissan yake, umepasuka. Nimemwambia anunue kava kwanza, na supaglu aiache kwao.