Kaskazi ikivuma, moshi unarudi

Watu wakisikia niliwahi kufanya kazi kwenye meli ya kuchoronga gesi nje ya Mtwara, huniuliza mshahara na mawimbi. Mimi nakumbuka moshi.

Tulikuwa na jenereta sita za dizeli, dohani zake nyuma. Vyumba vya kulala na jiko viko mbele. Msimu wa kusi hakuna shida. Upepo na mkondo wa bahari vyote vinatoka kusini, meli inaelekeza pua huko, moshi unakwenda zake. Kasheshe ni kaskazi. Mkondo wa pwani yetu hauna habari na misimu, unapanda kaskazini mwaka mzima. Upepo ndio unaogeuka. Nahodha akielekeza pua kwenye mkondo, upepo unatupiga mgongoni na moshi wote unaingia kwenye matundu ya hewa. Unaamka koo linawasha, mto unanuka dizeli.

Wenzangu walilaumu mafuta. Mimi nililaumu mzigo, yaani kazi ndogo mno inayobebeshwa kila injini. Meli ile haikutia nanga, ilisimama juu ya kisima kwa nguvu za rafadha tu, na umeme ukikatika inapeperuka huku bomba liko chini. Basi zinawashwa injini nne au tano pamoja, moja ikizima nyingine zibebe, na kila moja inatumia kama robo tu ya nguvu yake. Injini kubwa isiyofanyishwa kazi haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye tabo (feni inayoisukumia injini hewa) na dohani. Meli mpya zina mtambo wa kunyunyizia urea kwenye moshi (ndiyo, urea kama ile ya mahindi) kupunguza oksaidi za naitrojeni, lakini nao unataka moshi wa nyuzi 300 hivi. Chini ya hapo ni pambo.

Juni 2012 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa dizeli kundi moja na wa sigara. Nilimsomea chifu, mhandisi mkuu wa meli. Akacheka, yeye mwenyewe pakiti mbili kwa siku, ila alikubali: nozeli za kunyunyizia mafuta kwenye injini zibadilishwe, bahari ikitulia injini moja izimwe, na kila zamu injini moja ipandishiwe mzigo saa nzima iunguze masizi yake.

Siku ya kwanza lilitoka wingu jeusi tii. Mpishi wetu, mzee wa Tanga, akapiga simu chumba cha injini: “Mwanangu, mkitaka kukohoa semeni mapema, nina unga wa mkate umeumuka hapa!”

Tangu hapo, kabla ya kupandisha mzigo, tulipiga jikoni kwanza.