Minara ya ubarazani: sufuria, maboksi, vifuu na mbao

Machi. Binti yangu ana mwaka na miezi mitatu. Ndio umri ambao watoto wengi huanza kuweka kitu juu ya kingine kikakaa. Nataka apate vya kupangia kutokana na vilivyomo nyumbani, hapa Tanga, bila kwenda dukani.

Nimeanza na sufuria, maana hazina mikono na zinaingiana. Kwa sasa kupanga juu hakumvutii sana. Anachopenda ni kutia na kutoa. Nimemwachia tatu kwenye mkeka. Akijaribu kuitia kubwa ndani ya ndogo anatulia, anaigeuza, anajaribu tena. Simsaidii. Kufikiri kule ni kwake.

Aprili. Maboksi ya majani ya chai na ya dawa ya meno. Likiwa tupu, boksi ni jepesi mno: mkono ukiligusa tu, mnara mzima umekwenda. Kwa hiyo nayashindilia magazeti yaliyochanwachanwa mpaka kona hazibonyei, makubwa nayatia vipande vya khanga kuukuu, kisha nafunga kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya unga wa ngano inashika vizuri na ni rahisi, ila mende wanaifuata. Rangi sijapaka. Kinachoufanya mnara usimame ni uzito na kitako kilichonyooka, na mtoto anaupima uzito kwa kiganja chake mwenyewe.

Makopo ya maziwa ya unga ni mazuri pia, kwa sharti la kupitisha kidole kwenye mdomo wote kuhakikisha hakuna bati linalokata.

Visoda na vifuniko vya chupa nimevikataa kabisa. Wakaguzi wa vitu vya kuchezea hutumia kipimo chenye tundu la milimita 31.7, kadiri ya koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kinachozama humo ni cha kumkaba. Mimi naongeza tahadhari: kisichojaza ngumi yake hakiingii kapuni.

Mei. Vifuu! Baada ya kukuna nazi, nakwangua nyuzi, napiga msasa ukingoni mpaka uwe laini kama kikombe. Kikilazwa kifudifudi kinakaa imara, na kingine kinavikwa juu yake. Mnara wake ni wa duara, tofauti kabisa na wa maboksi, na mlio wake kifuu kwa kifuu unampendeza kuliko sufuria.

Juni. Nimekwenda kwa fundi seremala.

"Shikamoo, fundi. Naomba mabaki ya mbao, ila yasiyotiwa dawa."

"Marahaba, mwanangu. Zenye ukijani zile zina dawa, ziache. Chukua hizi za mninga."

Amenikatia vipande vya urefu wa sentimita 5, 10 na 20, upana na unene sawa. Hapo ndipo penye utamu wote: viwili vya 5 vinalingana na kimoja cha 10, na viwili vya 10 na kimoja cha 20. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha mpango wake wa michezo ya watoto wadogo mwaka 1837 kule Bad Blankenburg, alikuwa na mchemraba wa mbao uliogawanyika vipande 8 vilivyo sawa, ili mtoto auvunje na kuuunda upya. Wazo ni lile lile, sehemu na kitu kizima. Mninga ni mzito, kwa hiyo vya 20 nimeviweka kabatini kwanza visije vikamwangukia mguuni.

Julai. Sasa anapanga vinne. Cha kwanza anakiweka kwa mikono miwili, kisha anaachia kidole kimoja kimoja. Mara nyingi mimi najenga, yeye anabomoa, anapiga makofi na kusema "tena". Nabomolewa kwa furaha; kuona kinavyoanguka ni nusu ya somo.

Kinachofuata ni daraja: viwili kando, kimoja juu. Wengi huliweza wakikaribia miaka mitatu, basi sina haraka. Nitalijenga mbele yake mara moja moja, nipitishe kigari chini yake, nimwache aangalie.